Nisubiri Mungu aniongoze, au nijilipue tu nijifunzie mbele ya safari?

mtunza_stoo:

Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri na msinicheke sana, najua humu kuna watu wana midomo.

Mimi kijana wa miaka 29, niko Dar, natunza stoo kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, mkataba wa mwaka mwaka. Mshahara sio wa kutisha ila nimejibana miaka minne, chumba kimoja Mbagala, sijanunua hata subufa, mpaka leo nina milioni sita na laki nne benki. Sasa kuna mshikaji wangu tumesoma wote sekondari, yuko Ruaha Mbuyuni analima vitunguu, kanipigia mwezi uliopita anasema kaka achana na kuhesabu misumari ya watu, njoo tuchukue eka nne, weka hiyo sita yako ukope na nyingine nne, miezi mitano tu unarudi Dar na milioni ishirini na kitu. Katuma na video kabisa, magunia yamepangwa kando ya barabara, lumbesa zimejaa mpaka zimeota nundu.

Mimi ni mtu wa kusali. Nikafunga siku tatu nikiomba Mungu anionyeshe. Sijaota ndoto, sijasikia sauti, nilichopata ni kwamba sina amani. Kila nikishika simu nimwandikie jamaa "poa nakuja" kuna kitu kinanikaba hapa kifuani, naizima. Nikampigia bi mkubwa, yuko Singida, nikamweleza yote, akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha, halafu akauliza kitu kimoja tu, "Na huyo mwenzio yeye ameweka shilingi ngapi?" Nikakosa jibu mana sikuwahi kuuliza.

Jamaa nilivyomwambia nasubiri Mungu aniongoze alicheka sana. Anasema mwanaume hafundishwi na maombi, anafundishwa na hasara, ukishapigwa mara moja ndo akili inakaa, na kwamba hata yeye msimu wa kwanza alipoteza kila kitu ndo akaijua kazi. Na hapo ndo aliponichanganya mana kuna ukweli ndani yake, kila mwenye pesa ukimsikiliza lazima akusimulie alivyoanguka kwanza.

Sasa swali langu wakuu. Mungu anamwongoza mtu kabla hajaumia, au kuumia ndo darasa lenyewe? Na nitajuaje hiki cha kifuani ni Mungu na sio uoga wangu wa kuacha mshahara?

chuma_ya_zamani:

Hahaha subiri kwanza. Mama yako yuko SINGIDA umempigia kumuuliza habari za vitunguu halafu ukadhani kanyamaza kwa sababu ya salio?? Huyo kakulia kwenye vitunguu mdogo wangu. Umefunga siku tatu, jibu unalo kwenye simu.

Ila endelea, tupo tunasoma.

kitunguu_maji:

Mtoa mada mimi nimelima bonde hilo hilo, kwa hiyo sikuambii vitu vya kuhadithiwa.

Nilichukua eka mbili. Mbegu nilisia mwenyewe, wiki sita naamka usiku kuangalia kitalu kama nina mtoto mchanga, nikahamisha miche, pampu nimekodi, petroli kila siku, thripsi, vile vijidudu vya majani, wakaja nikapiga dawa wakaondoka wakarudi nikapiga tena. Na vilikubali asee, vitunguu vyekundu, vimekaza, ukikishika kinakujaa mkononi. Sikukosea kilimo. Tatizo ni kwamba siku nang'oa mimi, bonde zima wanang'oa. Dalali alikuja na pikipiki na wala hakushuka, mguu mmoja chini, injini inaunguruma, akaangalia tuta moja akataja bei. Mimi kwenye hesabu zangu gunia nilikuwa nimeliweka laki na ishirini, yeye akasema elfu arobaini na tano, na gunia lenyewe lumbesa. Nikajifanya mjanja nikakataa. Kesho yake akarudi akasema arobaini. Sasa utafanya nini, vitunguu vimeshatoka ardhini, stoo ya kutandaza vikauke sina, wingu limetanda kule milimani. Niliuza.

Sasa hapo kwenye swali lako la kifuani. Kabla sijaenda nilikaa nikapiga hesabu kwenye karatasi, faida safi kabisa, halafu ile karatasi nikaificha mke wangu asiione. Unajua niliificha wapi? Kwenye Biblia yangu, mana nilijua ya kwangu hatoigusa. Nimekuja kulikumbuka hilo nikiwa kwenye basi narudi, tena mimi mtu wa kuimba kwaya, nikajikuta nacheka peke yangu kama chizi mpaka abiria wa pembeni akahama siti. Mtu anayeogopa tu, akikaa chini na mtu mwenye akili wakapiga hesabu, hofu inapungua. Mimi yangu ilikuwa kila nikiiangalia ile karatasi inazidi, ndo mana nikaificha. Na wewe ile karatasi ya jamaa yako kampelekee mtu mmoja mgumu, sio anayekupenda kwa kukusifia, halafu usikilizie kifua kinasemaje.

Na hilo la kwamba hasara ndo shule nalikataa kabisa. Nilichojifunza kwa milioni tano zangu ni vitu vitatu, usivune siku wanayovuna wote, uwe na sehemu ya kuhifadhi, mnunuzi umjue kabla ya mbegu. Vyote hivyo kuna mzee jirani wa shamba alishaniambia wiki ya kwanza tu tukinywa chai ya rangi kwenye genge la njia panda. Bure, na chai akalipa yeye. Halafu hasara ikanifundisha na kingine ambacho sio cha kweli, ikanifundisha kuogopa kila kitu. Miaka mitatu mizima nilikataa hadi michongo mizuri, shemeji yangu kaniletea biashara ya mashudu nikaikataa, leo ana gari. Kwa hiyo maumivu ni mwalimu ndiyo, lakini anafundisha na makosa pia na hakuna mkaguzi.

hoja_kavu:

Naomba niwe mbaya kidogo. Haya mambo ya "Mungu ameniongoza" mnayachukulia poa sana. Mwaka 2009 hapa hapa Tanzania serikali iliizuia DECI, ule mchezo wa upatu, na lugha yake ilikuwa ya kanisani kabisa, unapanda mbegu unasubiri kuvuna. Watu walipanda. Na majirani zetu Kenya, Shakahola kule Kilifi 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wengi wao watu waliofunga wakiamini wanamtii Mungu mpaka wakafa na watoto wao. Wale nao huenda walikuwa na amani moyoni.

Kwa hiyo dogo mimi nakuambia hivi, kifua sio kipimo. Kifua kinaweza kuwa gesi. Piga hesabu basi, zikikubali nenda, zikikataa baki, na Mungu mwache apumzike.

mtunza_stoo:

Asanteni wakuu. @kitunguu_maji hiyo ya kuficha karatasi imenipiga mahali, mana na mimi hii habari sijamwambia dada yangu ninayekaa nae jirani, na yeye ndo mhasibu kwenye familia.

@hoja_kavu nakuelewa ila mimi hakuna mchungaji aliyeniambia nenda wala usiende. Mchungaji wetu kasema tu "endelea kuomba", na kusema ukweli hilo jibu lilinikera kidogo.

bint_pangani:

Assalaam alaykum wana jamvi, na wasio Waislamu salamu zenu pia.

Nichangie kwa upande wetu. Sisi tunayo swala ya istikhara, rakaa mbili zisizo za faradhi halafu dua, na hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume, inasema Mtume (s.a.w.) alikuwa anawafundisha masahaba kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Maana yake haikuwa ya mambo makubwa tu ya ndoa na safari, ni mambo yote. Sasa watu wengi wanadhani ukiswali istikhara lazima uote ndoto, kijani ndiyo, nyekundu hapana, kama taa za barabarani. Hakuna kitu hicho kwenye dua yenyewe. Dua inasema kama jambo hili lina kheri na mimi katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu nikadirie na uniwepesishie, na kama lina shari liepushe na mimi na uniepushe nalo, nikadirie kheri popote ilipo kisha uniridhishe nayo. Hilo neno la mwisho ndo gumu. Tunaomba tuongozwe lakini kuridhishwa hatutaki, ukifungiwa mlango unaenda kuvunja dirisha.

Na istikhara inaenda na kushauriana na watu. Marehemu babu yangu alikuwa na mashua hapa Pangani, alikuwa anaswali kisha anatoka anaenda kuwauliza wavuvi waliorudi alfajiri bahari ikoje. Sisi watoto tukimuuliza babu si umeshamuuliza Mungu? Anajibu, "Nimemuuliza, sasa naenda kusikiliza jibu."

Na ile hadithi ya kwamba muumini hang'atwi mara mbili kwenye tundu moja ipo, tena sahihi. Rafiki yako tundu lake ameshang'atwa. Swali ni kwa nini anakukaribisha uingize mkono wako.

chuma_ya_zamani:

Babu wa Pangani apewe maua yake.

nansio_kwetu:

Nimesoma mada yote nikaona nisilale kabla sijasema kitu. Mimi ni mtu wa ziwani, Ukerewe, nimevua dagaa zaidi ya miaka ishirini, sasa mgongo umekataa nipo tu na duka. Kule kwetu ukiwa kijana unaambiwa leo usiingie, ukiuliza kwa nini mzee anakuonyesha tu kidole upande wa wingu. Wanaoingia wapo, na wanaorudi wapo. Sio wote.

Mtoa mada soma Matendo ya Mitume 27, ila isome polepole kama mtu anayesafiri, usiisome kama somo la Jumapili. Paulo ni mfungwa, wanampeleka Rumi. Wamefika mahali panaitwa Bandari Nzuri, Krete, msimu wa kusafiri umeshapita, mfungo umeshapita, Paulo anawaambia jamani safari hii itakuwa na madhara, mzigo, meli na roho zetu pia. Akida, yule mkuu wa askari waliomlinda, akawasikiliza nahodha na mwenye meli, na hapo simlaumu, hata mimi nikiwa kwenye chombo namsikiliza nahodha, nimsikilize mfungwa kwa lipi? Na ile bandari haikuwa nzuri ya kukaa miezi ya baridi, kwa hiyo wengi wakapiga kura waondoke. Sasa angalia mstari wa 13. Upepo wa kusi ukaanza kuvuma kidogo, taratibu, wakadhani wamepata walichokuwa wanataka. Wakang'oa nanga.

Mimi huo mstari nikiusoma nywele zinasimama, mana huo upepo naujua. Ule upepo mtamu wa jioni unaokuambia unaona sasa, wazee waoga tu. Video ya magunia uliyotumiwa ndo huo upepo. Haukudumu, ukashuka Eurakilo, upepo wa tufani, wakapeperushwa siku kumi na nne hawaoni jua wala nyota, wakatupa shehena, wakatupa vyombo vya meli kwa mikono yao, mwisho hata ngano wakamwaga baharini. Watu 276. Wote walipona, meli ikavunjika Malta. Na Paulo katikati ya tufani akawaambia ilipasa mnisikilize msing'oe nanga. Wazungumzaji wa dini huwa wanapita haraka hapo wakimbilie malaika, mimi napenda kwamba hakujizuia kuwaambia.

Lakini kitu ninachotaka kukuambia hasa kiko kwenye barua nyingine. 2 Wakorintho 11, mstari wa 25, hiyo kaiandika kabla ya safari hii, anasema mara tatu alivunjikiwa jahazi, akakesha usiku na mchana kilindini. MARA TATU. Kwa hiyo yule mfungwa aliyesema tusiondoke hakuwa mlokole tu anayeota, alikuwa mtu aliyekwisha kukaa majini ameshikilia ubao. Sijui kwenye kichwa chake ni kipi kilikuwa sauti ya Mungu na kipi kilikuwa kumbukumbu ya yale maji ya chumvi, na sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa anavitenganisha. Ila wale wengine 275 hawakuhitaji kuvunjikiwa ndo wajue, alikuwepo mtu ndani ya chombo aliyekwisha kuvunjikiwa kwa niaba yao, na walipita pembeni yake kwenda kumuuliza mwenye meli, ambaye ana faida meli ikiondoka.

Kwako huyo mtu ameshajibu hapo juu, anaitwa kitunguu_maji. Rafiki yako ni mwenye meli.

hoja_kavu:

Aisee mzee wa Nansio. Mimi siamini mambo mengi ila hiyo nimeisoma mara mbili.

mama_wawili:

Mimi nakuja kwenye lile la kwamba kila aliyefanikiwa anasimulia alivyoanguka. Ni kweli mdogo wangu, lakini jiulize nani anapewa maiki. Kanisani kwetu siku ya ushuhuda anasimama aliyelewa miaka kumi, aliyepigwa na mume, aliyefilisika akalala stendi, tunalia tunapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nimeshasimama mara mbili. Baba alinikataza yule mwanaume, hakupiga kelele, aliniambia tu "mwanangu huyu kila hadithi yake kuna mtu amemkosea", nikamwona baba ana wivu na wakwe. Mtoto akililia wembe mpe, nikapewa, nikakatika, miaka sita.

Dada yangu baba alimwambia maneno yanayofanana na hayo juu ya mchumba mwingine, akalia wiki moja akaacha. Akaja kuolewa na mwalimu mmoja mpole hana maneno, mwaka wa kumi na nne huu. Mwite dada mbele ya kanisa umwambie atoe ushuhuda, hana cha kusema! Atasema Bwana asifiwe nashukuru kwa uzima, akae. Ndo mana tunadhani Mungu anafundisha kwa fimbo peke yake, mana waliosikia mapema hawana hadithi.

Zaburi 32 inasema nitakufundisha na kukuonyesha njia utakayoiendea, halafu hapo hapo inasema msiwe kama farasi na nyumbu wasio na akili mpaka wavutwe kwa hatamu. Na aliyeiimba ni Daudi, ambaye juu kidogo hapo anasema mifupa yake ilichakaa kwa kuugua. Yeye alishavutwa. Alikuwa anatuambia sisi.

Sisemi maumivu hayana kazi. Zaburi 119 inasema ni vema kwangu kuwa niliteswa, na mimi nalisema hilo kwa mdomo wangu, yale miaka sita Mungu hakuyatupa. Lakini binti yangu akifika umri sitamwambia nenda ukaumie ndo utajua.

kitunguu_maji:

Mama_wawili umeua.

mtunza_stoo:

Wakuu narudi kutoa mrejesho, samahani kimya kilikuwa kirefu kidogo.

Kwanza nimempa dada ile hesabu ya jamaa. Kaisoma akiwa anapika, mwiko mkononi, akauliza mbona bei ya gunia imeandikwa moja tu, weka na ya chini. Tukaweka elfu arobaini na tano ya @kitunguu_maji. Ukitoa kodi ya shamba, mbegu, mbolea, dawa, petroli, vibarua na marejesho ya mkopo nabaki nadaiwa milioni moja na kitu. Mwiko ukaanza kunidondoshea mchuzi kwenye karatasi.

Pili nikamuuliza jamaa ameweka shilingi ngapi. Anasema yeye anaweka shamba na uzoefu. Nikamwambia shamba si la kukodi na kodi iko kwenye hesabu yangu? Akasema basi uzoefu. Kisha akakasirika kidogo, anasema nimeanza kuwa mtu wa Dar.

Tatu nimempigia bi mkubwa tena, safari hii nikamuuliza vizuri kwa nini alinyamaza siku ile. Kumbe mjomba wangu mkubwa aliwahi kuuza ng'ombe kumi na mmoja akaingiza kwenye vitunguu, mimi nikiwa sijazaliwa, vikaozea ghalani kwa mvua. Miaka yote hiyo sijawahi kuisikia. Nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema, "Hukuuliza, ulikuwa unanitangazia."

Lakini kile cha kifuani, nimwambie @hoja_kavu ukweli, hakijaondoka chote. Kimepungua nilipomwambia jamaa sikopi, na kikapungua tena nilipomwambia msimu huu siweki hela. Kilichobaki nadhani ni uoga wa kweli wa kuzeeka nikihesabu misumari, hicho nacho nakiombea.

Ijumaa nina likizo ya siku nne, naenda huko Ruaha Mbuyuni kuangalia tu. Kadi ya benki nimemwachia dada, nina nauli na hela ya kula. Bi mkubwa kasema nikifika nisikae kwenye shamba la jamaa, nizunguke kwa majirani niulize siku ya kung'oa waliuza shilingi ngapi, sio siku ya kwenye video.

kitunguu_maji:

Safi. Ukishuka basi ulizia genge la chai lililopo njia panda ya kuingia mashambani, kuna mzee anavaa koti zito hata jua likiwaka. Mwambie yule wa karatasi anamsalimia, na chai ya safari hii alipie kijana.